Mizani ya sonara inayocheza: shajara ya kuondoa noizi ya umeme, Makoroboi, Mwanza

Kazi ni mizani mbili za kielektroniki kwenye duka la sonara, mtaa wa Makoroboi. Mizani A ni ya kununulia na kuuzia dhahabu: uwezo gramu 300, hatua (badiliko dogo kabisa inaloonyesha) ya gramu 0.01, ina lakiri ya Wakala wa Vipimo. Mizani B ni ndogo, uwezo gramu 50, hatua ya gramu 0.001. Hii haigusi mauzo. Sonara huitumia mezani kupimia shaba na fedha za kuchanganyia dhahabu.

Lalamiko: namba hazitulii. A inaruka kwa gramu 0.02 hadi 0.05. B inatembea hadi gramu 0.030 bila kuguswa. Ukitaka kugeuza gramu 10 za karati 24 ziwe karati 22 unahitaji mchanganyiko wa gramu 0.909 tu, kwa hiyo kosa la 0.030 hapo si dogo.

Mizani za aina ya B ndizo wanazotumia Marekani watu wanaojaza upya maganda ya risasi. Wao hupima baruti kwa kipimo kiitwacho grain, na grain moja ni gramu 0.0648. Ugonjwa wanaoulalamikia ni huuhuu, ndiyo maana dawa zao nyingi zinafaa hapa pia, isipokuwa kwenye suala la ethi, yaani waya wa kwenda ardhini. Huko hawachimbi kwenye mawe ya Mwanza.

Kabla ya kushika bisibisi, hesabu moja ieleweke. Lodi seli ya B, kipande cha chuma kinachogeuza uzito kuwa volti, inatoa milivolti 1 kwa kila volti inayolishwa. Ikilishwa volti 4, uzito kamili wa gramu 50 unazaa milivolti 4. Gawa kwa hatua 50,000: kila miligramu ni mikrovolti 0.08. Chaja ya simu iliyo pembeni inakata umeme makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, kwa mamia ya volti. Ajabu si kwamba mizani inacheza. Ajabu ni kwamba huwa inatulia.

Sharti la kazi: A haifunguliwi. Lakiri ikikatika, mizani haitumiki kwenye biashara mpaka ihakikiwe upya. Kila dawa ya A itakaa nje ya boksi.

Siku ya 1. Kipimo cha msingi

Mizani zote zimewashwa dakika 30 kabla ya kusoma chochote. Ukipima mizani baridi utakimbiza joto ukidhani ni noizi, yaani umeme wa vurugu unaoingia kwenye kipimo.

B ilikuwa inasoma jiwe la gramu 20 kama 19.979. Hiyo si noizi, maana kasoro ilibaki ileile kila mara, na mafundi wengi huchanganya haya mawili. Nguvu ya uvutano hapa, karibu na ikweta na mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, ni ndogo kuliko kwenye latitudo za juu. Mizani iliyosawazishwa kusini mwa China, nyuzi 23 hivi kaskazini, ikiletwa hapa inapungukiwa takriban asilimia 0.1, yaani karibu miligramu 20 kwenye gramu 20. Tumeisawazisha palepale mezani kwa jiwe la daraja F2, ambalo kwa gramu 20 linaruhusiwa kukosea miligramu 0.8. Jiwe la daraja M1 linaruhusiwa 2.5, kwa hiyo halifai kwa B.

Kisha jiwe likaachwa kwenye sahani dakika 30, namba ikiandikwa kila dakika. B kwenye adapta: chini kabisa 19.987, juu kabisa 20.021. A kwenye adapta, jiwe la gramu 100: 99.97 hadi 100.04. Muda wa kila mruko umeandikwa pembeni pamoja na kilichotokea dukani wakati huo: simu imeita, friji imewaka, fundi wa kuchomelea nyuma ya ukuta ameanza. Safu hiyo ya pembeni ndiyo iliyookoa siku nyingi za kubahatisha.

Siku ya 2. Waya, hewa au mkono

Noizi ina njia tatu za kuingia, na kila njia ina dawa yake. Jaribio la kuzitenganisha halina gharama: betri.

Zingatia hili: adapta ichomolewe kabisa kwenye mizani. Kuzima swichi ya soketi hakutoshi, kwani swichi nyingi hukata laivu peke yake. Nyutro inabaki imeunganishwa, na noizi inapita humo kama kawaida.

A kwenye betri yake ya ndani: miruko karibu yote imekwisha, imebaki hatua moja. Noizi yake inakuja kwa waya. B kwenye betri: 19.995 hadi 20.010. Imepungua kwa zaidi ya nusu lakini haijakwisha, kwa hiyo sehemu inapita hewani. Jaribio la mkono: kidole kikigusa fremu ya B ikiwa kwenye adapta, namba inaruka 0.012. Kwenye betri, hairuki. Adapta haina ethi, na ndani yake kuna kapasita ndogo inayounganisha upande wa umeme mkuu na upande wa mizani. Kapasita ya nanofaradi 2.2 kwenye volti 230, hezi 50, hupitisha takriban mikroampia 160. Haziui, lakini zinaiacha mizani nzima ikielea kwenye volti zaidi ya mia ukipima kwa multimita, na mtu akigusa, njia ya kwenda ardhini inabadilika.

Siku ya 3. Kumtafuta mchawi

Chombo kilichotumika ni redio ndogo ya mkulima yenye masafa ya kati, ikiwekwa mahali pasipo na stesheni. Inakoroma ikisogezwa karibu na chanzo cha noizi, na antena yake ya ndani ina mwelekeo: izungushe mpaka mkoromo ufifie, na chanzo kiko upande ambao ncha ya fimbo ya antena hiyo, ya feraiti (kauri nyeusi yenye chuma), inaelekea. Halafu breka za duka zikazimwa moja moja.

Waliopatikana, kwa ukubwa wa kelele:

Regyuleta ya feni ya dari, ya aina ya kuzungusha. Inakata wimbi la umeme mara 100 kwa sekunde, na kila mkato ni mshtuko kwenye waya.

Tyubu mbili za LED, moja ikiwa sentimita 30 juu ya B.

Chaja tatu za wakala wa pesa kwa simu anayetumia kaunta hiyohiyo, pamoja na simu zenyewe.

Mashine ya kuchomelea ya jirani. Ikianza, volti inashuka kutoka 231 hadi 196 na kurudi.

Bodaboda zinazopita zimeonekana kwenye redio kama tiki-tiki, ila kwenye mizani si rahisi kuzitofautisha na upepo. Tumeziacha.

Mtaa umebeba jina la koroboi, na ni kweli kwamba koroboi haikuwahi kuvuruga mizani ya mtu.

Siku ya 4. Dawa za bure

B imesogezwa hadi mita 0.9 kutoka kwenye tyubu. Karibu na chanzo kidogo, uga wa sumaku hushuka kwa mchemraba wa umbali: ukiongeza umbali mara tatu, unapungua mara 27. Hakuna kifaa cha dukani kinachotoa faida hiyo bila kulipwa.

Simu zimehamishiwa mwisho wa kaunta, mita 2. Simu ya mtandao wa 2G kwenye megahezi 900 inaweza kurusha hadi wati 2, kwa mapigo 217 kila sekunde. Kwa hesabu ya kukadiria, uga wake ni takriban volti 26 kwa mita ukiwa sentimita 30, na chini ya volti 4 ukiwa mita 2. Masafa hayo mizani haiyasomi moja kwa moja. Ila yakifika kwenye ingizo la amplifaya, viungo vya transista huyageuza kuwa volti tuli, kama detekta ya redio, na mizani inaona uzito usiokuwepo. Ndiyo maana mruko wa simu hautetemeki. Unapanda, unakaa, kisha unashuka simu ikinyamaza.

Regyuleta ya feni imebadilishwa kwa ya hatua yenye kapasita. B kwenye betri baada ya hayo: 19.998 hadi 20.005.

Siku ya 6. Adapta mpya

Adapta ya A imetupwa. Imetengenezwa ya transfoma, ya kizamani, nzito:

Transfoma ya volti 230 kwa 15, wati 10. Daraja la diodi nne za 1N4007. Kapasita ya mikrofaradi 2,200, volti 35. Regyuleta ya 7809 kwa sababu A inataka volti 9. Kapasita ya mikrofaradi 0.33 kwenye ingizo na 0.1 kwenye tokeo, zote zikiwa karibu kabisa na miguu ya 7809. Fyuzi ya miliampia 100 upande wa umeme mkuu, ya aina ya taratibu.

Kwa nini 15 na si 12? Umeme ukiwa 230, transfoma ya volti 12 ingetosha vizuri. Lakini mchomeleaji akiwa kazini na umeme wa mtaa umelegea, volti inaweza kufika 170. Hapo transfoma ya 12 inatoa karibu 8.9, ikinyooshwa na kuondoa diodi unabaki na 11.1, na ripoli (wimbi linalobaki baada ya kunyoosha) ya volti 0.45 kwa mzigo wa miliampia 100 inaishusha hadi 10.7. 7809 inataka angalau 11. Ya 15 inabaki na 14 katika hali hiyohiyo. Gharama yake ni joto: takriban wati 1 kwenye 7809, kipande cha alumini cha sentimita 3 kwa 3 kinatosha. Usishushe kapasita hadi volti 25. Transfoma ndogo isiyo na mzigo hutoa zaidi ya ilivyoandikwa, na hapa inaweza kuvuka 25.

Pima upande wa chanya wa plagi kabla ya kuichomeka. Mizani nyingine zina chanya katikati, nyingine hasi. A ni hasi katikati, na mchoro wake mdogo uko chini ya boksi.

Matokeo ya A: 99.99 hadi 100.02. Mchomeleaji akianza, bado unaonekana mruko wa hatua mbili.

Siku ya 8. Feraiti, na kwa nini haikusaidia mara ya kwanza

Feraiti ya kubana ilivalishwa kwenye waya wa adapta, mzunguko mmoja, katikati ya waya. Hakuna kilichobadilika. Makosa mawili. Kwanza, waya uliobaki kati ya feraiti na mizani ni antena, kwa hiyo feraiti ikae sentimita 5 au pungufu kutoka kwenye mizani. Pili, mzunguko mmoja ni mdogo. Uwezo wake hupanda kwa mraba wa mizunguko, hivyo mitano ni mara 25. Imewekwa pete yenye tundu la milimita 13, mizunguko mitano, iliyotolewa kwenye waya wa monita ya kompyuta iliyokufa. Mafundi wa kompyuta huzitupa.

Sasa simu ikiwekwa kwa makusudi sentimita 50 kutoka kwenye A hairushi namba. Lakini kelele za chini, zile za kilohezi 50 za tyubu na chaja, feraiti hii haizioni. Wanaouza feraiti kama dawa ya kila kitu wanakosea hapo.

Siku ya 9 hadi 12. Kichujio na ethi

Dawa ya masafa ya chini ni kichujio cha umeme mkuu. Kimenunuliwa cha boksi la chuma, ampia 6, chenye kapasita mbili zinazokwenda kwenye ethi. Na hapo kazi ikasimama, kwa sababu ekstensheni ya duka ilikuwa na waya mbili tu, na ethi ya jengo ilikuwa nondo fupi iliyogonga jiwe.

Kichujio bila ethi ni kibaya kuliko kutokuwa nacho. Kapasita zake zinagawa volti 230 katikati, boksi linakaa kwenye takriban volti 115, na kila chuma kilichounganishwa nalo kinachoma vidole. Usikifunge kabla ya ethi.

Mwanza imejengwa juu ya graniti. Nondo ya mita 1.2, kipenyo milimita 16, kwenye udongo wa ohmu-mita 100 inatoa takriban ohmu 72. Kwenye udongo mkavu wa changarawe na jiwe wa ohmu-mita 1,000 inatoa zaidi ya 700, na hapo ni kama imeingia yote. Ya duka hili iliingia sentimita 50 ikagota. Kipima ethi cha vigingi vitatu, kigingi cha mkondo mita 20 na cha volti mita 12.4, kilisoma ohmu 640.

Kama huwezi kwenda chini, nenda pembeni. Uani umechimbwa mtaro wa mita 8, kina sentimita 60, kando ya mfereji wa maji ya bafu ambako udongo hukaa na unyevu. Waya wa shaba mtupu wa milimita mraba 25 umelazwa, umefunikwa na bentonaiti (udongo wa mfinyanzi unaoshika maji) iliyokorogwa kama uji mzito, kisha udongo uliochekechwa mawe. Chumvi na mkaa haikutumika. Chumvi hushusha ohmu haraka, lakini masika mawili yanaiosha yote na kinachobaki ni shaba iliyoliwa. Kipimo baada ya siku mbili: ohmu 52.

Ohmu 52 zinatosha? Kwa usalama, zikisaidiwa na breka ya kuvuja umeme ya miliampia 30, zinatosha sana, kwani breka hiyo inafanya kazi hata kwenye ohmu 1,600. Kwa noizi, idadi ya ohmu si kitu kikubwa kama watu wanavyodhani. Kilicho muhimu ni ethi zote za meza hiyo zikutane sehemu moja: boksi la kichujio, bamba la chuma chini ya mizani, kinga ya B (utepe wa shaba wa siku ya 14). Zikikutana sehemu mbili tofauti, mkondo unazunguka kati yake na unaleta noizi mpya. Kazi ya waya za ukutani na breka imefanywa na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

A baada ya kichujio, mchomeleaji akiwa kazini: 99.99 hadi 100.01.

Siku ya 14. Ndani ya B

B haina lakiri, imefunguliwa. Chipu inayogeuza volti za lodi seli kuwa namba ni HX711. Mguu wa 15 umepelekwa chini, yaani sampuli 10 kwa sekunde, na hiyo ndiyo kasi inayochuja hezi 50. Ukikuta umepelekwa juu, ni sampuli 80: namba zinafika haraka lakini noizi ya umeme mkuu inapita.

Waya nne za lodi seli zimesokotwa jozi kwa jozi, nyekundu na nyeusi, kijani na nyeupe. Kwenye jozi ya ishara imeongezwa rezista ya ohmu 100 kila upande, kapasita ya filamu ya mikrofaradi 0.1 kati ya pande mbili, na ya mikrofaradi 0.01 kutoka kila upande kwenda hasi. Ile ya katikati lazima iwe kubwa mara kumi au zaidi ya za pembeni, kwa sababu za pembeni hazilingani kamwe, na tofauti yao hugeuza noizi ya pamoja, ile inayoingia sawasawa kwenye waya zote mbili, kuwa uzito. Kapasita za kawaida za kauri hazifai mahali hapa, zinatoa volti zikitikiswa. Tumia za filamu au za kauri ya aina ya C0G.

Ndani ya boksi la plastiki imebandikwa utepe wa shaba, ukiunganishwa na hasi ya betri kwa sehemu moja.

Makosa ya siku hiyo ni mawili. Utepe uligusa mwili wa lodi seli, na B ikakataa kurudi sifuri: unatoa jiwe, inabaki 0.006. Mguso huo unabeba sehemu ya uzito. Ukakatwa, ukaachwa uwazi wa milimita 3 pande zote. La pili lilionekana kesho yake asubuhi, unyevu wa ziwa ulipokuwa mwingi: namba inatembea polepole upande mmoja. Ilikuwa flaksi (utomvu wa kulehemia) iliyobaki kwenye lehemu mpya, ikivujisha umeme kidogo ikinyonya unyevu. Bodi imesuguliwa kwa brashi ya meno na alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, ikakaushwa saa nzima. Kutembea kumekoma.

Siku ya 16. Visivyo vya umeme mkuu

Kisanduku cha plastiki cha kuzuia upepo kilikuwa kinafutwa kwa kitambaa kikavu kila asubuhi. Miezi ya Juni hadi Agosti hiyo inatosha kukijaza umeme tuli unaovuta sahani kwa makumi ya miligramu. Sasa kinafutwa kwa kitambaa chenye maji na tone la sabuni bila kusuuzwa. Vifuko vya nailoni havipimiwi tena. Dhahabu inamiminwa kwenye kibakuli cha chuma.

Upepo wa ziwa huanza mchana na mlango wa duka unautazama. Meza imegeuzwa. Chini ya mizani limewekwa bamba la graniti la sentimita 40 kwa 30, unene 4, karibu kilo 13, juu ya vipande vinne vya tyubu ya gari. Jiwe lililotukatalia nondo limefaa hapa.

Siku ya 18. Kipimo cha kukabidhi

Taa zote zinawaka, feni inazunguka, friji na mchomeleaji wako kazini, simu ziko mita 2. B, jiwe la gramu 20, dakika 30: 19.999 hadi 20.002. A: 99.99 hadi 100.01, lakiri haijaguswa.

Yaliyobaki: tyubu ya pili ya LED bado inakoroma kwenye redio, ibadilishwe itakapoungua. Ethi ipimwe tena mwezi wa Septemba udongo ukiwa mkavu kabisa, kabla ya vuli. Ikivuka ohmu 100, mtaro uongezwe mita 4 kufuata mfereji.